Nikija kwako, nani mwengine atajua? Maswali ya wanafunzi kuhusu ushauri nasaha na afya ya akili

Naongoza kitengo cha ushauri nasaha katika chuo kikuu kimoja hapa Unguja. Maswali haya nimeyapokea mlangoni petu, dahalia, na kwenye simu za wazazi. Nimeyabadilisha kidogo ili mwenyewe asijulikane. La kwanza nimelipa nafasi kubwa kwa sababu ndilo linaloulizwa kabla mtu hata hajakaa kitini.

Nikija kwako, nani mwengine atajua?

Una haki ya kuuliza. Kisiwa chetu ni kidogo. Ukitaja jina la baba yako na mtaa wenu, mtu wa tatu humo chumbani atakwambia shangazi yako kaolewa wapi. Wazee wetu wana neno sitara, na ndilo ninaloanza nalo kila ninapompokea mshauri mpya: mtu amekuja kwako kusitirika.

Kwa vitendo ni hivi. Maelezo yako hayaingii kwenye faili la masomo. Unapewa nambari, na daftari linaloonyesha nambari ipi ni ya nani hufungiwa kabatini. Mwalimu wako halioni, Bodi ya Mikopo hailioni, wala mzazi hapigiwi simu bila ya idhini yako ikiwa umeshatimia miaka 18. Nikihitaji kukuombea uahirishiwe mtihani, barua itasema una sababu ya kiafya, basi, na utaisoma wewe kwanza. Ukimkuta mshauri ni binti wa jirani yenu, omba mwengine. Hatukasiriki.

Mipaka ipo, na tunaieleza siku ya kwanza. Maisha yako yakiwa hatarini, au ya mtu mwengine, au kuna mtoto anadhuriwa, au mahakama imeamuru, hapo nitalazimika kusema. Nitamwambia anayehusika tu, tena yale anayoyahitaji tu, na ikiwezekana nitakuarifu wewe kabla yake.

Nilipoanza kazi hii chumba chetu kilikuwa ukuta mmoja na ofisi ya nidhamu. Mwanafunzi akionekana kwenye benchi la nje asubuhi, ikifika adhuhuri ishaenea kwamba kakamatwa na kosa. Na katika vyuo vingi Mshauri wa Wanafunzi ndiye huyo huyo anayesikiliza kesi za dahalia. Nani atakwenda kumlilia asubuhi mtu atakayemhukumu jioni? Niliomba tuhamishiwe jirani na maktaba. Ilichukua muda na maneno mengi, lakini sasa anayekuja kwetu anaweza kuwa anakwenda kuazima kitabu.

Mwaka mmoja mkubwa fulani alinitaka orodha ya majina ya waliofika kwetu, ati wasije wakapewa uongozi wa wanafunzi. Nilimpa idadi peke yake. Alikasirika, na tukakaa muda hatusalimiani vizuri. Hiyo naiona ndiyo kazi yangu khasa. Bajeti na ripoti nazifanya, lakini nikiyatoa majina mara moja tu, ile benchi haikaliwi tena.

Nitajuaje kama nina msongo wa mawazo tu au ni sonona?

Msongo una mlango wa kuingilia na wa kutokea. Mitihani imekaribia, hulali vizuri, moyo unakwenda mbio. Mitihani ikimalizika unapumua. Sonona hukaa. Wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, moyo umekuwa mzito au hupati raha ya kitu chochote, hata mpira ulioupenda au maskani uliyokuwa huikosi. Usingizi unapotea au unalala mchana kutwa, chakula hakipiti au unakula bila kushiba, unasoma ukurasa mmoja mara tano haushiki, unajiona mzigo kwa watu.

Wengi hawaji wakisema wana huzuni. Wanakwenda zahanati na kichwa, kifua, tumbo, au mwili kuchoka. Wanapimwa malaria, hakuna, wanarudishwa. Kichwa hicho kinauma kweli, hakuna aliyesingizia.

Hapa kwetu tunatumia dodoso la maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila swali lina alama 0 hadi 3, na jumla yake ni 27. Ukifika 10 tunakaa kitako na kuzungumza kwa kina. Dodoso peke yake halithibitishi ugonjwa. Lakini swali la 9 linauliza juu ya mawazo ya kufa au kujidhuru, na mimi hulitazama hilo kabla ya kujumlisha chochote.

Mama anasema nimepigwa jicho, na nimeshasomewa mara tatu. Nifanye nini?

Kwanza, usigombane na mama. Anakupenda, na amekwenda kwenye mlango anaoujua. Sijawahi kumwambia mwanafunzi aache kisomo au asinywe kombe, yaani maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa. Wapo waliotulia baada ya kusomewa, kwa sababu watu wao walikusanyika, wakawashika mkono, wakawaombea. Ninachokataa ni kupigwa, kufungwa, kufukizwa moshi mpaka mtu akashindwa kuvuta pumzi, kushindishwa njaa, na kuambiwa aitupe dawa aliyopewa hospitali. Likitokea moja katika hayo, ondoka, au nipigie simu niongee na wakubwa zako.

Kusoma na kutibiwa havijawahi kuwa maadui. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuamrisha tujitibu, kwani Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua, akatenga huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyojulikana imetoka wapi. Miaka zaidi ya elfu, na bado ni swali ninalomuuliza mwanafunzi siku ya kwanza.

Hapa niseme jambo linalonigusa sana, kwa sababu watu hulichukulia ni uchamungu. Kuna vijana wanatawadha nusu saa. Anaosha mkono, anahisi haukuenea maji, anarudia. Jamaa imeshatoa salamu yeye bado yuko bombani, ngozi imechubuka. Mtu huyo ana mateso yanayojulikana kitabibu na yanatibika. Tunakwenda naye taratibu: maji ya kipimo, mara moja kila kiungo, halafu anaizuia ile hamu ya kurudia mpaka ipungue yenyewe. Mara nyingi namshirikisha imamu anayemwamini, amwambie kwa mdomo wake kwamba udhu umetimia. Neno langu mimi kwenye jambo hilo halina uzito kama lake.

Mbona miadi inachukua siku nyingi? Mko wangapi?

Hatutoshi. Marekani, chombo kinachosimamia ubora wa huduma hizi vyuoni hupendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 1,000 hadi 1,500, na sisi kufika huko bado. Kwa hiyo tunagawana kazi. Kila anayebisha hodi anaonwa siku hiyo hiyo kwa dakika 20, tujue nani anaweza kusubiri na nani hawezi. Wapo wanafunzi wenzenu tuliowafundisha kusikiliza na kuleta. Hawatibu, na hawaruhusiwi kujaribu. Kwa mshauri utakaa kama dakika 50. Anayehitaji dawa anakwenda kwa daktari.

Zimbabwe walianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani kukaa benchini na watu wenye lile wanaloliita kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, na utafiti uliotoka mwaka 2016 ulionyesha waliokaa nao walipata nafuu kuliko wale waliopewa huduma za kawaida. Siku niliyosoma habari hiyo nilimkumbuka bibi yangu. Kusikiliza kuna ufundi wake, na ufundi hufundishika.

Na baadhi ya wanaokuja si wagonjwa hata kidogo. Bumu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, limechelewa, kijana hajala tangu jana. Huyo kwanza ale, mengine tutazungumza akishashiba.

Nikipelekwa Kidongo Chekundu, si nimeshaharibikiwa?

Jina la hospitali ile ya maradhi ya akili tumeligeuza tusi, na tusi hilo limewazuia watu wengi kutibiwa. Wengi tunaowaandikia barua huonwa na daktari na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kulazwa ni kwa wachache, na kwa muda. Ukipewa dawa za sonona, ujue zinahitaji wiki mbili hadi sita kuonyesha kazi yake, wakati madhara madogo kama kichefuchefu huanza mapema. Hapo ndipo watu wanapoacha. Vumilia, urudi kwa daktari umwambie. Dawa hizo hazilevyi. Ukipata nafuu usizikate ghafla. Kwa kawaida mtu huendelea nazo miezi sita au zaidi baada ya kupona.

Ramadhani nifunge na dawa zangu?

Dawa za mara moja kwa siku mara nyingi huhamishiwa futari au daku. Muulize daktari kabla mwezi haujaandama. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka mno, awe mwangalifu zaidi, kwani kukaukiwa maji hupandisha kiwango chake mwilini na inaweza kuwa sumu. Mgonjwa amepewa ruhusa ya kula na Qur'ani yenyewe. Na ulale, tafadhali. Kukesha mpaka daku halafu darasani saa mbili asubuhi kumewarudisha kwetu watu walioshapona.

Rafiki yangu kaandika kwenye status: "Nimechoka, nisameheni nyote." Nimpuuze?

Usimpuuze. Mwendee, usimtumie ujumbe tu. Kaa naye pahala palipotulia umuulize kwa maneno yaliyo wazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, wengi hushusha pumzi kwamba hatimaye kuna aliyethubutu kuuliza. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake hata kwa dakika chache, ondoa karibu yake kitu anachoweza kujidhuru nacho, na umlete kwetu au hospitali iliyo karibu, usiku wowote ule. Hospitali ya Mnazi Mmoja wanapokea saa zote. Pemba, nendeni Chake Chake, Wete au Abdalla Mzee pale Mkoani.

Usimwambie anakufuru. Analijua hilo, na ndilo linalomfanya anyamaze. Akikuomba usimwambie mtu, mjibu hivi: "Hili siwezi kulificha, kwa sababu nakutaka uwe hai." Atakununia wiki moja. Mwache anune.

Mimi ni mzazi, niko Pemba, mwanangu yuko huko. Nitajuaje?

Bi mkubwa, umeniuliza hili kwa sauti ya chini kana kwamba unafanya kosa. Wewe ndiye utakayejua mapema kuliko sisi. Sikiliza simu: alikuwa anapiga kila Ijumaa, sasa hapigi; alikuwa anazungumza sana, sasa ni "sijambo" na kukata; anaomba pesa kwa kisa kisichoeleweka, au haombi kabisa. Ukimpigia, usianze na matokeo. Muulize jana usiku amekula nini, na nani, na amelala saa ngapi. Akikwambia amedisko, yaani ameondolewa masomoni kwa kufeli, vuta pumzi kabla ya kujibu, kwa sababu sentensi yako ya kwanza ataikumbuka miaka mingi.

Na akitaka kurudi nyumbani, mtumie nauli ya boti, ukamsubiri bandarini Mkoani. Siku tatu za mwanzo mwache alale na ale. Kisha tupigie, mwenyewe akiwa amekaa ubavuni mwako na amekubali.