Daftari la ubatizo si cheti cha kuzaliwa

Wiki iliyopita nimemsikia tena mtu akieleza kwamba amepata "cheti cha kuzaliwa" cha mzee wa kizazi cha saba nyuma yake, upande wa baba yake Mwingereza, kutoka kijiji kimoja cha Devon, mwaka 1791. Alikuwa na furaha, nami nikafurahi naye, maana kumfikia mtu aliyeishi zaidi ya miaka mia mbili iliyopita si kazi ndogo. Ila cheti hicho hakipo na hakijawahi kuwepo. Mwaka 1791 Uingereza haikuwa na ofisi ya serikali ya kuandikisha watoto waliozaliwa. Alichokipata ni mstari mmoja katika daftari la parokia, na mstari huo unasema jambo jingine.

Daftari la parokia ni kumbukumbu ya kanisa: nani kabatizwa, nani kafunga ndoa, nani kazikwa. Usajili wa vizazi, ndoa na vifo ni kumbukumbu ya serikali, ulioanza tarehe 1 Julai 1837 kwa England na Wales, 1 Januari 1855 kwa Uskoti, na 1 Januari 1864 kwa Ayalandi. Cheti ni nakala ya mstari mmoja wa kumbukumbu hiyo ya serikali. Maana ni hiyo tu. Kinachowapoteza watu ni maneno yenyewe, kwa sababu tumezoea kuyachanganya.

Neno daftari tumelipata kwa Waarabu, lakini asili yake ni Kigiriki, diphthera, yaani ngozi ya mnyama iliyotengenezwa. (Neno hilohilo ndilo lililozaa jina la kitabibu la dondakoo, kwa sababu ya utando kama ngozi unaofunika koo la mgonjwa.) Nalipenda sana neno hili katika habari hii, kwa sababu madaftari ya parokia za Uingereza yalikuwa ngozi kwelikweli. Agizo la kwanza lilitolewa mwaka 1538 na Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane: kila parokia iwe na kitabu, kiwekwe katika sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa kasisi, mwingine kwa walinzi wa kanisa, na kila Jumapili kasisi aandike mbele yao yaliyofanyika wiki nzima. Wengi waliandika kwenye karatasi, nazo zikaoza. Mwaka 1598 ikaamriwa vitabu viwe vya ngozi na ya zamani yanakiliwe humo, hasa tangu Malkia Elizabeth alipoanza kutawala. Makasisi wengi walilishika hilo neno "hasa", wakaanzia 1558. Ndiyo maana madaftari mengi yanaanza mwaka huo, na miaka ishirini ya mwanzo haimo.

Cheti kina safari nyingine. Ni neno la Kihindi, chitthi, barua fupi au kikaratasi cha ujumbe. Kiswahili kikaliingiza katika ngeli ya ki-vi, leo tunasema vyeti bila kufikiri. Kwa hiyo cheti kwa asili yake ni karatasi anayokabidhiwa mtu aondoke nayo, wakati daftari hubaki mahali pake. Hata cheti cha kweli cha kuzaliwa cha mwaka 1840 unachoagiza leo ni nakala iliyothibitishwa. Chenyewe kimo daftarini.

Sasa nirudi kwenye kinachoniudhi. Agizo la Cromwell lilitaja ndoa, ubatizo na mazishi. Halikutaja kuzaliwa wala kufa. Kasisi aliandika alichokifanya yeye kanisani siku fulani. Kitabu cha sala cha Kanisa la Anglikana cha 1662 kilihimiza mtoto abatizwe Jumapili ya kwanza au ya pili baada ya kuzaliwa, na wengi walifuata. Lakini wapo waliongoja miezi, wapo waliongoja miaka na kupeleka watoto wanne siku moja, na wapo waliobatizwa wakiwa watu wazima. Waquaker, dhehebu jingine la Kikristo, hawakubatiza kabisa, na Wabaptisti hawakubatiza watoto wachanga. Ukiona watoto watatu wa baba mmoja wamebatizwa Mei 1795, usikimbilie kuandika mapacha watatu. Kati ya 1783 na 1794 kila mstari ulitozwa ushuru wa peni tatu, mafukara wakisamehewa, na familia nyingine ziliona heri kusubiri.

Kipindi pekee ambacho sheria ilitaka kuzaliwa kuandikwe badala ya ubatizo ni kuanzia 1653, wakati wa utawala wa jamhuri, mpaka mfalme aliporudi 1660. Na madaftari ya miaka hiyo ndiyo yenye mapengo kuliko yote, basi hata hapo usitegemee mno.

Kuna na mwaka wenyewe. Mpaka 1752, mwaka wa England ulianza tarehe 25 Machi. Ukikuta wazazi wamefunga ndoa Mei 1720 na mtoto wao amebatizwa Februari 1720, unaweza kudhani mtoto alitangulia ndoa, na nimeona familia ikimwandika bibi yao wa kale hivyo. Februari hiyo kwa hesabu yetu ni ya 1721. Ni miezi tisa. Bibi wa watu hakuwa na kosa lolote.

Upande wa serikali nao una yake. Fahirisi za usajili zimepangwa kwa robo za mwaka, na robo hiyo ni ya kuandikishwa, si ya kuzaliwa. Wazazi walipewa siku 42, hivyo mtoto wa Desemba 1860 anaweza kuonekana katika robo ya Machi 1861. Tena mpaka mwisho wa 1874 msajili ndiye aliyepaswa kutafuta habari za watoto waliozaliwa. Wazazi walibebeshwa wajibu huo kuanzia 1875, kwa hiyo wapo watoto wa kabla ya hapo wasioonekana popote katika fahirisi. Na vyeti vya ndoa vya England na Wales vilibeba majina ya baba tu mpaka Mei 2021. Miaka 184 mama wa bwana na mama wa bibi harusi hawakuandikwa. Hilo huniumiza kila ninapofuata ukoo wa upande wa kike.

Kwetu tofauti hii tunaishi nayo. Nenda RITA, wakala wa serikali ya Tanzania unaosajili vizazi na vifo, na cheti cha ubatizo kutoka parokiani. Kitapokelewa kama kiambatisho, wala hakuna atakayekuambia ndicho cheti cha kuzaliwa. Basi tusiwanyime wazee wa Devon uangalifu uleule.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ulichokipata ni halali na kina thamani. Katika mti wa ukoo iandike tarehe ile kwenye nafasi ya ubatizo, na kwenye nafasi ya kuzaliwa andika "mwaka 1791 au kabla", mpaka upate ushahidi mwingine, kwa mfano umri wake alipozikwa. Kisha uitafute picha ya ukurasa wenyewe, usiridhike na muhtasari uliochapwa na mtu mwingine. Makasisi wengine waliandika zaidi ya walivyotakiwa: William Dade wa Yorkshire, katika miaka ya 1770, alianza kuweka tarehe ya kuzaliwa kando ya ile ya ubatizo, na majina ya babu na bibi wa mtoto pande zote mbili. Devon si Yorkshire, lakini pembezoni mwa ukurasa kasisi wako naye huenda aliandika neno.