Je, wajua kwa nini mabingwa wa zumari la Uskoti, lile la mfuko (bagpipe), hugeuka mafundi wa mpingo?

Robert Hardie aliiongoza bendi ya Muirhead & Sons ya Grangemouth, Uskoti, ikatwaa ubingwa wa dunia wa bendi za mazumari miaka mitano mfululizo, 1965 hadi 1969. Huyohuyo alikuwa na karakana ya mazumari Glasgow, na hadi leo kuna mazumari yanayouzwa kwa jina lake. Robert Shepherd aliibebesha Dysart and Dundonald ubingwa huo 1977 na 1978, na jina lake nalo likawa chapa ya mazumari. Miongo mingi kabla yao, Duncan MacDougall wa Aberfeldy alikuwa ameshapita njia hiyo.

Sababu imo ndani ya chombo chenyewe. Zumari hili la mfuko unaobanwa kwapani halimpi mpigaji pa kuficha kasoro. Mpiga klarineti akisikia noti imeshuka, huipandisha kwa kubana midomo. Kwenye zumari hili mdomo haugusi kabisa tete, yaani kile kijiti chembamba kinachotetema na kutoa sauti. Hewa hupita kwanza mfukoni. Akibana mfuko kwa nguvu zaidi ili kuokoa noti moja, anaharibu nyingine zote. Kwa hiyo kazi ya kulinganisha sauti lazima iishe kabla hajaingia uwanjani.

Na sikio halisamehi, maana kuna mabomba matatu ya mvumo yasiyonyamaza: mawili ya sauti ya kati (tenor), oktava moja chini ya noti ya A ya chini ya filimbi, yaani bomba lenye matundu ya vidole, na moja la besi, oktava mbili chini ya noti hiyo. Noti tisa za filimbi hiyo hupimwa juu ya mvumo huo. Noti ikikosea kidogo tu, sauti inaanza kupwitapwita na mwamuzi anasikia.

Ndiyo maana bingwa huwa nusu fundi tayari. Anajua kwamba tete likisukumwa ndani zaidi kwenye kitako chake, noti hupanda, na za juu hupanda kuliko za chini. Noti moja ikikaidi kushuka, hubandika utepe kwenye ukingo wa juu wa tundu lake. Mabomba huyarefusha au kuyafupisha kwenye kiungo kilichozungushiwa uzi wenye nta. Kiongozi wa bendi ana mzigo mkubwa zaidi: filimbi nyingi zisikike kama moja. Matundu yakitofautiana kutoka filimbi hadi filimbi, utepe hautoshi. Njia fupi ni kuzitengeneza mwenyewe.

Kingine kinachomsukuma ni kimo cha sauti. A ya chini, kwa bendi za leo, huwa karibu hezi (mitetemo kwa sekunde) 475 hadi 480, juu kidogo ya B bapa ya piano yenye hezi 466. Kimo hicho kimepanda kwa miongo kadhaa, na filimbi ya babu haiwezi kukifikia bila kuchongwa upya. Anayejua mashindano yanaelekea wapi ndiye anayejua filimbi ijayo iweje.

Kazi inaanzia kwetu. Mpingo, ule wanaouchonga Wamakonde, ndio mti unaopendwa kwa mazumari haya, na hutoka Tanzania na Msumbiji. Ukikauka bado unazama majini. Hukua polepole, miaka 70 au zaidi, na shina lake mara nyingi limepinda au lina uwazi ndani, hivyo vipande safi ni vichache. Baadhi ya vijiji vya Kilwa vinavyosimamia misitu yao vilipata cheti cha FSC, cha usimamizi mzuri wa misitu, mwaka 2009.

Kipande hupakwa nta kwenye ncha zote mbili, la sivyo ncha hukauka mbio kuliko katikati na kupasuka. Kikishakauka, hutobolewa tundu jembamba la kuanzia, kisha kinaachwa miezi kadhaa. Wasio na subira huharibikia hapa: mti uliotobolewa hujikunja, na tundu lililomalizwa siku hiyohiyo hupinda au hupoteza uduara wake. Baada ya mapumziko ndipo tundu linapanuliwa, na upande wa nje unakerezwa mwisho, ukifuata tundu, ili unene uwe sawa pande zote. Vumbi lake huwasha ngozi na mapafu. Barakoa ni lazima.

Tundu la bomba huwa sawasawa katika kila sehemu yake, lakini la filimbi lina umbo la koni: karibu milimita 4 juu, zaidi kidogo ya 20 chini. Matundu ya vidole hutobolewa madogo, kisha hupigwa tupa upande wa juu noti ipande. Ukizidisha, mti haurudi. Hapo sikio la bingwa ndilo lenye thamani, mradi apime filimbi zote kwa tete lilelile. Tete baya humdanganya hata bingwa.

Zumari jipya lina hatari yake. Pumzi hulowesha ndani, mti unavimba huku nje bado mkavu, na ufa unatokea. Dawa ni kupiga dakika 15 hadi 20 tu kwa siku kwa wiki za mwanzo, kisha kufuta unyevu kwa kitambaa. Kwa ajili hiyo, na kwa sababu zinafanana zaidi, bendi nyingi sasa hutumia filimbi za plastiki, huku mabomba ya mvumo yakibaki ya mpingo.