Mwalimu wa Kigiriki mwenye lugha nyingi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukitafuta mwalimu wa Kigiriki mtandaoni utakuta wasifu unaofanana: mzaliwa wa Athens au Thessaloniki, anazungumza Kiingereza, Kifaransa, Kitaliano, pengine Kirusi au Kituruki, na anapenda lugha tangu utotoni. Wengi huruka mstari wa lugha na kwenda kwenye bei. Tunaoifahamu kazi hii tunauona mstari huo kuwa ndio wa kusomwa kwanza, maana unaeleza mwalimu ataweza kuona nini pale mwanafunzi anapokwama. Tatizo ni kwamba umezungukwa na dhana nyingi zisizo sahihi.

"Mgiriki yeyote anaweza kukufundisha Kigiriki"

Hapana, na kitenzi ndicho kinachoumbua. Karibu kila kitenzi cha Kigiriki kina mashina mawili: moja la kitendo kinachoendelea au kujirudia, jingine la kitendo kinachochukuliwa kuwa kizima. Θα σου γράψω ni nitakuandikia mara moja, basi. Θα σου γράφω ni nitakuwa nakuandikia, kila wiki au kila mwezi. Mgiriki hazikosei hata akiamshwa usiku wa manane, lakini ukimuuliza kwa nini, jibu la kawaida ni "ndivyo tunavyosema".

Mwalimu aliyehangaika na Kirusi, ambacho nacho hugawa vitenzi kwa namna hiyo, anatambua kwamba mwanafunzi hajakosea wakati, amekosea namna ya kukitazama kitendo. Kwa hiyo hamrudishi kwenye jedwali la nyakati. Humpa sentensi mbilimbili, moja yenye κάθε μέρα, kila siku, na nyingine yenye αύριο στις πέντε, kesho saa kumi na moja, amwachie achague shina. Kosa linalowatesa wengi huanzia mapema: miezi ya kwanza hufundishwa shina la wakati uliopo peke yake, kisha wakati ujao hujengwa juu yake, na mazoea hayo hayatoki kirahisi. Dawa ni kuandika kila kitenzi kwa sura mbili tangu siku kinapojifunzwa: γράφω na γράψω, διαβάζω na διαβάσω, pamoja na vile vikaidi kama βλέπω na δω, τρώω na φάω.

"Amezaliwa na kipaji"

Chunguza malezi yake kwanza. Shule za Ugiriki hufundisha Kiingereza tangu madarasa ya chini, kisha Kifaransa au Kijerumani kuanzia darasa la tano. Jioni watoto wengi huenda frontistirio, yaani shule binafsi za masomo ya ziada. Sekondari huongeza Kigiriki cha kale, na mtoto hukaririshwa majedwali yake kama ya lugha ya kigeni.

Historia nayo imechangia. Katika mabadilishano ya watu kati ya Ugiriki na Uturuki ya mwaka 1923, baadhi ya wakimbizi Waorthodoksi walifika Ugiriki wakiwa wanazungumza Kituruki nyumbani. Wagiriki wa Aleksandria waliishi katikati ya Kiarabu, Kifaransa na Kitaliano. Wengine walilima mkonge Tanganyika, wengine walifungua maduka Lubumbashi. Katika nyumba kama hizo mtoto alisikia lugha mbili tatu kabla ya kushika kalamu.

Kuna mfano unaojulikana. Ioannis Ikonomou, mzaliwa wa Krete na mtafsiri wa Tume ya Ulaya mjini Brussels, hutajwa kuwa na lugha zaidi ya 30. Alianza Kiingereza akiwa na miaka 5, Kijerumani 7, Kitaliano 10, Kirusi 13, na Kiswahili akiwa na miaka 14. Tazama nafasi iliyopo kati ya lugha za mwanzo: miaka miwili, mitatu. Kila moja ilipata muda wa kusimama kabla ya nyingine kuingia. Mapenzi ya lugha kwa mtu wa namna hiyo yanapimika kwa saa alizokaa na kitabu, na huo ni utaratibu ambao mtu wa kawaida anaweza kuufuata.

Hapohapo tuondoe hofu kwamba lugha nyingi huvurugana kichwani. Zinazovurugana ni zile zinazokaribiana sana zikianzwa pamoja, kama Kitaliano na Kihispania. Kigiriki kiko peke yake katika tawi lake la lugha za Kihindi-Kiulaya, kwa hiyo mara chache huchanganywa na kingine. Mtego mmoja wa kuangalia ni ναι, hutamkwa "ne" na maana yake ni ndiyo. Anayejua Kirusi au Kiserbia husikia hapana.

"Alfabeti ndiyo mlima"

Herufi ni 24, na wiki moja ya nusu saa kwa siku inatosha kuzisoma. Usizianze kwa mpangilio. Anza na zinazofanana na zetu kwa sura na sauti (α, ε, ο, κ, τ, μ), halafu zinazodanganya macho: ρ ni r, ν ni n, η ni i, χ ni kh, β ni v. Mwisho ziingie jozi: μπ kwa b, ντ kwa d, γκ kwa g, ου kwa u. Kumbuka pia kwamba alama inayoonekana kama nukta mkato ndiyo alama yao ya kuuliza.

Kazi ngumu ni imla. Sauti "i" huandikwa ι, η, υ, ει au οι, na sikio halisaidii. Anayejifunza kwa sauti peke yake, kupitia programu za simu, ataongea vizuri kiasi na kuandika vibaya kwa miaka. Mistari mitano ya kunakili kwa mkono kila siku humponya polepole.

"Mswahili ataumia kuliko Mzungu"

Dhana hii inatukera zaidi, kwa sababu huwakatisha tamaa watu waliokwisha kuvuka nusu ya njia bila kujua. Kigiriki kina irabu tano, a, e, i, o, u, zilezile za Kiswahili. Sauti za θ, δ, γ na χ ni th, dh, gh na kh. Mwanafunzi Mfaransa huvunjika ulimi kwa θ na δ. Aliyezoea kutamka thelathini, dhahabu na ghali anazo tayari. (Γ ikitangulia e au i husikika karibu na y.)

Sarufi nayo ina milango iliyo wazi. Kigiriki cha leo hakina umbo kama "kuondoka". Husema θέλω να φύγω, nataka niondoke, na θέλω να φύγεις, nataka uondoke. Mwingereza hulikariri hilo kwa wiki kadhaa, Mswahili hulipokea siku hiyohiyo. Kiwakilishi cha mtendwa hutangulia kitenzi kama kiambishi chetu: σε βλέπω, nakuona, σε είδα, nilikuona. Jinsi tatu za nomino, zinazodai kila kivumishi kikubali, hazimtishi mtu aliyekua na ngeli.

Anapokosea ni kwingine, na mwalimu asiyejua lugha za Kibantu hapaoni. La kwanza ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu daima, na ulimi hubeba mazoea hayo. Πότε ni lini, ποτέ ni kamwe. Mswahili hutamka zote mbili kama ile ya kwanza, kwa hiyo anapotaka kusema kamwe husikika akiuliza lini. Vivyo hivyo νόμος ni sheria na νομός ni mkoa. Bahati njema, mkazo huandikwa juu ya kila neno lenye silabi zaidi ya moja. Piga meza kwa kidole kwenye alama hiyo unaposoma kwa sauti, dakika kumi kila siku, mpaka mkono uzoee.

La pili ni amri. Niambie ni πες μου, na hapo kiwakilishi hurudi nyuma ya kitenzi. Anayefuata Kiswahili husema μου πες, nayo si sahihi.

La tatu ndilo zito: mwisho wa nomino hubadilika kwa kazi yake katika sentensi. Ο γιατρός βλέπει τον δάσκαλο ni daktari anamwona mwalimu. Τον γιατρό βλέπει ο δάσκαλος, ingawa daktari ametajwa kwanza, mwalimu ndiye anayeona. Kiswahili hakina kitu hiki kwenye nomino, kwa hiyo jifunze kila nomino pamoja na ο, η au το yake, na mapema uongeze umbo la mtendwa.

"Kigiriki ni kile cha Agano Jipya"

Wanafunzi wa theolojia wa Afrika Mashariki huja na Koine, yaani Kigiriki cha Agano Jipya, na hudhani wamemaliza. Wengi wamefundishwa matamshi yanayohusishwa na Erasmus, mwanazuoni wa Uholanzi aliyeandika juu yake mwaka 1528. Yohana 1:1, Ἐν ἀρχῇ ἦν ὁ λόγος, wao husoma "en arkhe en ho logos". Mgiriki husoma "en arkhi in o loghos". Umbo ἀρχῇ lenyewe limeachwa, leo husemwa στην αρχή. Tangu 1976 lugha ya shule na serikali ni dimotiki, yaani Kigiriki cha watu wa kawaida, na mwaka 1982 alama nyingi za mkazo zilipunguzwa zikabaki moja. Koine inasaidia msamiati kwa kiasi kikubwa, lakini matamshi ni lazima yaanze upya. Waorthodoksi, wakiwamo wa seminari ya Riruta, Nairobi, yenye jina la Askofu Mkuu Makarios III wa Kupro, hufuata matamshi ya Wagiriki wenyewe.

"Mwalimu mzuri hatumii lugha nyingine darasani"

Dakika mbili za kueleza mashina ya kitenzi kwa lugha ya mwanafunzi huokoa nusu saa ya kubahatisha. Baada ya hapo, kipindi kirudi kwenye Kigiriki.

"Miezi mitatu inatosha"

Taasisi ya Marekani inayofundisha wanadiplomasia lugha hukadiria takriban wiki 44 za masomo ya kutwa kwa Kigiriki, dhidi ya 36 kwa Kiswahili, kwa mtu anayetoka Kiingereza. Mtihani unaotambulika ni ule wa Kituo cha Lugha ya Kigiriki cha Thessaloniki, ngazi A1, ya chini kabisa, hadi C2, ya juu kabisa, nao hufanyika mwezi Mei, mara moja kwa mwaka. Anayeanza Septemba kwa vipindi vitatu vya saa moja na nusu kwa wiki atakuwa na saa kama 140 ifikapo Mei. Zinatosha kwa A1 bila wasiwasi, na kwa A2 ikiwa anafanya kazi za nyumbani kila siku. Mwalimu anayeahidi B1 kwa muda huo, muulize anakusudia kuacha nini.