Unalala ndani ya chandarua, na bado mbu anakupata

Masika yakianza, wakazi wa Dar es Salaam hutuuliza hivi: chandarua tunatumia kila siku, mbona homa zinatuandama? Chandarua chenye dawa kinakukinga na Anofelesi, mbu wa malaria, ambaye huuma zaidi usiku. Usikiache kamwe. Lakini jiji hili lina mbu mwingine, Aedesi, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza. Huyu ndiye anayeeneza homa ya dengi, yaani kidingapopo, iliyolipuka hapa jijini mwaka 2014 na tena 2019.

Anatoka wapi? Wengi hulaumu mitaro na Bonde la Msimbazi. Kwenye maji machafu ya mitaro na vyoo huzaliana zaidi Kuleksi, yule anayevuma sikioni usiku kucha na anayeweza kueneza matende na mabusha. Aedesi hupenda maji masafi yaliyotulia: pipa la akiba uani, ndoo, tairi bovu nyuma ya gereji, kifuu cha dafu. Maji ya bomba yakiwa ya mgao, kila nyumba huweka akiba, na hapo ndipo tunapomfuga bila kujua.

Kaangalie pipa lako leo. Funua taratibu, mulika kwa tochi ya simu. Ukiona vidudu vyembamba vinajinyonganyonga na kuzama pindi kivuli kinapopita, hao ni viluwiluwi, na baada ya wiki moja hivi wataruka. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Jike hubandika mayai ukutani mwa pipa, juu kidogo ya usawa wa maji, nayo huweza kukaa makavu miezi kadhaa bila kufa. Ukijaza maji tena, yanaanguliwa. Kwa hiyo kila wiki sugua kuta za ndani kwa brashi na sabuni, suuza, kisha funika kwa mfuniko unaobana.

Je, mwenye damu tamu huumwa zaidi? Hapana. Anayeuma ni jike tu, kwa kuwa anahitaji damu ya kukuzia mayai, na hukufuata kwa pumzi unayotoa, joto la mwili na harufu ya ngozi. Wajawazito huwavutia mbu wa malaria kuliko wengine, kwa hiyo tuwalinde zaidi. Virusi vya UKIMWI mbu haambukizi.

Mchana paka dawa ya kufukuza mbu, vaa mikono mirefu, weka wavu madirishani. Na mtoto mchanga anayelala saa nane mchana naye afungiwe chandarua. Hili wazazi wengi hulisahau.

Ukipata homa, kapime malaria kwanza. Kipimo kikionyesha huna, usimeze dawa ya malaria kwa kubahatisha. Rudi kwa daktari, hasa kama kichwa, viungo na nyuma ya macho vinauma sana. Parasetamoli inafaa kwa kipimo sahihi. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni ziepuke, kwa sababu kwa mgonjwa wa dengi huongeza hatari ya kuvuja damu. Tumbo likiuma vikali, ukitapika mfululizo, au damu ikitoka kwenye fizi au puani, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama homa imeshashuka.