Kwa nini slaida moja ya kinanda hufanya kazi tofauti kila wimbo?

Je, wajua kwamba kinanda unachokiona jukwaani mara nyingi hakitoi sauti yoyote? Sauti zimo kwenye kompyuta iliyo pembeni, ndani ya programu kama MainStage ya Apple au Gig Performer. Ndiyo maana mpigaji husukuma slaida ileile, yaani kile kitelezi cha kusukuma juu na chini, na katika wimbo huu fidla zikapanda, katika ule mwangwi ukaongezeka.

Slaida yenyewe hutuma namba tu. MIDI, lugha ya vyombo iliyoonyeshwa Januari 1983 huko Anaheim, Marekani, pale sinthesaiza (kinanda kinachounda sauti kwa umeme) ya kampuni ya Sequential Circuits ilipounganishwa na ya Roland zikaelewana, haisafirishi sauti. Ukisukuma slaida, kinachotoka ni taarifa kwamba kidhibiti namba fulani (yaani slaida, nobu au kanyagio lenye namba hiyo), kwenye chaneli mojawapo kati ya 16, kimefika kiwango fulani kati ya 0 na 127. Basi. Kinanda hakijui kama kuna fidla duniani.

Wengi hudhani picha ya slaida kwenye skrini ni pambo. Kumbe ndiyo dalali wa shughuli nzima: upande mmoja hupokea namba kutoka kinandani, upande wa pili hushika kitu cha kubadilisha ndani ya sauti. Upande wa kwanza hupangwa mara moja tu. Unaiambia programu isikilize, unasogeza slaida halisi, nayo inakariri. Upande wa pili hupangwa wimbo kwa wimbo. Ukifika ukumbini ukakuta kinanda cha kukodi kinachotuma namba tofauti na chako, unarudia upande wa kwanza pekee. Nyimbo zako zote zinabaki kama zilivyo. Hapohapo katikati huwekwa mipaka pia, kwa mfano slaida ikisukumwa hadi mwisho fidla ziishie 90, zisimzidi mwimbaji.

Sasa kuna balaa moja. Slaida ya plastiki umeiacha juu, kwenye 110. Unahamia wimbo ambao fidla zake ulizihifadhi kwenye 30. Skrini inasema 30, kidole kiko 110. Ukiigusa kidogo tu inatuma 109, na fidla zinalipuka kanisani huku mchungaji akiomba. Ableton Live na programu nyingine hukupa njia ya kuzuia hili: slaida halisi haina nguvu mpaka ipite pale ilipo ile ya skrini, ndipo inaishika na kwenda nayo. Ubaya wake ni kwamba kwa sekunde moja unasukuma na hakuna kinachotokea, na asiyezoea hudhani waya umekatika. Kwa sauti za kupanda na kushuka, mimi naona kungoja huko ni afadhali. Zipo pia nobu zinazozunguka bila mwisho, ambazo zinaweza kutuma “panda hatua” au “shuka hatua” tu, hivyo hazina pa kutofautiana na skrini.

Funguo nazo zina namba, na hugawanywa kwa namba hizo. Do ya katikati ni 60. Unaweza kuagiza zilizo chini yake ziende kwenye besi na zilizobaki ziende kwenye piano, na kinanda kimoja kikafanya kazi ya watu wawili. Wengi hulisahau kanyagio la kurefusha sauti. Hilo ni kidhibiti namba 64, na usipolizuia lisifike kwenye besi, kila ukikanyaga kwa ajili ya piano noti za besi zinarundikana na kuwa uji.

Jambo gumu zaidi ni kubadili sauti huku kidole kikiwa bado kwenye ufunguo. Kubonyeza ni ujumbe mmoja, kuachia ni ujumbe mwingine. Ule wa kuachia ukipelekwa kwenye sauti mpya, sauti ya zamani haipati habari na italia bila kukoma. Kwa hiyo programu nzuri hukumbuka kila noti ilipelekwa wapi, na kuituma taarifa ya kuachia kulekule. Ikishindikana kabisa, upo ujumbe namba 123 unaoamuru noti zote zinyamaze, na programu nyingi za jukwaani zina kitufe cha dharura kwa kazi hiyo. Kipange mahali ambapo mkono wako hufika bila kutazama.