Maji ya bomba, maji ya chupa na madini ya floraidi Arusha

Watu wengi jijini Arusha wanaamini kwamba maji ya bomba yakishachemshwa hayana tena tofauti na ya chupa. Kwa upande wa vijidudu imani hiyo ina msingi, kwani maji yakitokota vizuri kwa dakika 1 vimelea vya kuhara na homa ya matumbo hufa. Floraidi, hata hivyo, ni madini yanayoyeyuka kutoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, na moto hauyaondoi. Maji yakipungua sufuriani kwa mvuke, kiasi cha floraidi katika kila lita huongezeka. Kiwango kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita, na mtoto anayekunywa maji yaliyozidi hapo kwa miaka mingi, wakati meno ya ukubwani yakijengeka ndani ya ufizi, huota meno yenye madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki.

Si kila bomba lina tatizo hilo, maana vyanzo hutofautiana hata kati ya kata jirani. Waulize wahusika wa maji wa eneo lako majibu ya vipimo vya chanzo chenu. Kwenye chupa, soma jedwali la madini katika lebo, kisha kagua kizibo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Chujio la kawaida la mshumaa, yaani lenye kichungi cha kauri chenye umbo la mshumaa, halipunguzi floraidi. Lile la mkaa wa mifupa hupunguza, mradi mkaa wake ubadilishwe unapochoka.