Ndege wa Ziwa Victoria: Rangi Iache Iwe ya Mwisho

Swali tunalopokea mara nyingi kutoka kwa wakazi wa Mwanza ni hili: "Nimeona ndege wa kahawia, anaitwaje?" Hatuwezi kujibu, kwa sababu rangi hubadilika kwa umri, jinsia na msimu. Furukombe (tai mla samaki) aliyekomaa ana kichwa na kifua cheupe, tumbo la hudhurungi na mbawa nyeusi. Kinda lake lililoanza kuruka lina mabaka ya kahawia mwili mzima, na wengi huliita mwewe.

Tazama kwanza ndege anafanya nini. Kaa asubuhi kwenye mawe ya Capri Point, umwone mdiria mweusi-mweupe akisimama hewani juu ya maji, mbawa zikipiga haraka na kichwa kimetulia tuli, kisha ajitupe kichwa chini kufuata dagaa. Akitua karibu, hesabu mistari myeusi kifuani: dume ana miwili, jike ana mmoja uliokatika katikati. Mnandi naye huogelea mwili ukiwa nusu ndani ya maji, halafu hupanda jiweni kutandaza mbawa, kwani manyoya yake hulowa. Korongo mfukoshingo wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba hahitaji maelezo. Miguu yake ni myeusi. Weupe unaouona ni kinyesi chake mwenyewe, anachojimwagia ili apoe wakati wa jua kali.

Utamu wenyewe uko kwenye sauti. Furukombe hutupa kichwa nyuma anapoita, na mwenzake huitikia. Sauti ya dume ndiyo nyembamba zaidi. Vichakani karibu na ufuko yupo ndege mweusi mgongoni, mwekundu wa kung'aa kifuani na tumboni. Jike hudakia wito wa dume upesi kiasi kwamba utaapa umesikia ndege mmoja. Dudumizi hushusha sauti yake pole pole, kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa. Wazee humhusisha na mvua, na wana hoja: huzaliana msimu wa mvua, na ndipo huita zaidi.

Darubini si lazima kwa kuanzia. Toka kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu asubuhi, fumba macho kidogo, uandike kila sauti kwa silabi zako mwenyewe. Kisha mtafute mwenye sauti. Ukitaka mahali tulivu, Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, kiko mwendo mfupi wa boti kutoka mjini.

Simu ni nzuri kwa kurekodi, lakini usimchezee ndege sauti yake ili ajitokeze, hasa msimu wa viota. Atadhani mgeni amevamia eneo lake, aache mayai na kwenda kumfukuza, na kunguru wa Mwanza hawahitaji dakika nyingi.